Mraibu Hatibiwi kwa Kamba

Wakazi wengi wa Gitega na Muyinga bado hulichukulia neno «boost» kuwa neno la Bujumbura, yaani balaa la mitaa ya mjini kule chini ziwani, lisilowahusu watu wa milimani. Sisi tunaona dhana hiyo ni ya hatari. Boost ni heroini, ile ile ambayo ndugu zetu wa pwani ya Tanzania na Kenya huiita unga. Kitu kinachobebeka mfukoni hakizuiwi na mlima. Gitega ni mji mkuu wa kisiasa wa nchi yetu tangu mwisho wa mwaka 2018, na watu wanaozidi kuhamia huko wanakwenda na mema na mabaya yao. Muyinga nayo iko kwenye njia ya Kobero, ambako magari ya mizigo kutoka Tanzania hupita mchana na usiku. Hatusemi haya ili kumtia mtu hofu. Tunayasema ili tujiulize mapema: siku kijana wa Gitega au wa Muyinga atakaposimama mbele ya mzazi wake na kutamka kwamba anataka kuacha, tumemwandalia nini?

Majibu yaliyozoeleka ni matatu. La kwanza ni kumfunga kamba katika chumba cha nyuma mpaka «sumu imtoke». La pili ni kumpeleka polisi. La tatu ni kumfukuza, ili asiwaibie ndugu zake na kuwaharibia wadogo zake. Twaielewa huzuni ya wazazi wanaofikia hatua hizo, kwani aghalabu wamekwisha kupoteza sufuria, baiskeli, nguo na hata mabati ya nyumba. Lakini hakuna hata moja kati ya njia hizo iliyo tiba, na moja kati yake yaweza kuua.

Yafaa kwanza ieleweke kwamba kuacha si jambo la namna moja. Kila kilevi kina njia yake ya kumtoka mtu mwilini, na asiyezitofautisha njia hizo anaweza kumdhuru yule anayetaka kumwokoa.

Tuanze na boost. Saa nane hadi kumi na mbili hivi baada ya kutumia kwa mara ya mwisho, mraibu huanza kupiga miayo, kutokwa na kamasi na machozi, kutoka jasho na kusisimka mwili. Siku ya pili na ya tatu ndizo nzito kuliko zote: mifupa humuuma, tumbo humkata, huharisha, hutapika, na usingizi humpaa. Vijana wa pwani huiita hali hiyo arosto. Baada ya wiki moja hivi mwili huanza kutulia. Mateso hayo ni makali, lakini kwa mtu mwenye afya ya kawaida ni nadra kuua, ila pale anapoachwa akaharisha na kutapika bila kupewa maji. Kwa hiyo maji yenye chumvi na sukari, dawa za kutuliza tumbo na maumivu, blanketi, na mtu mpole wa kukaa naye ni msaada mkubwa. Mwanamke mjamzito asiachishwe kwa ghafula kamwe, kwa sababu mimba yaweza kuharibika; huyo ni wa kupelekwa kwa daktari siku hiyo hiyo.

Pombe ni kinyume cha hayo, na hapa ndipo watu wengi hukosea. Kwa kuwa urwarwa na impeke ni vinywaji vya nyumbani, na kwa kuwa hata kanyanga inayopikwa kwa siri huitwa pombe tu, watu hudhani kuacha pombe ni jambo jepesi kuliko kuacha boost. Sivyo. Mtu aliyekunywa sana kila siku kwa miaka mingi, akiachishwa ghafula, huanza kutetemeka mikono kabla siku haijaisha. Ndani ya siku mbili anaweza kushikwa na kifafa. Siku ya pili hadi ya nne anaweza kuchanganyikiwa, akaona wadudu wasiokuwako, moyo ukamwenda mbio, na akafa. Mlevi wa namna hiyo akifungwa kamba na kufungiwa chumbani, jamaa zake hudhani amerogwa au ana wazimu, kumbe ni ugonjwa ambao muuguzi yeyote aliyefundishwa anaweza kuutuliza kwa diazepamu inayopunguzwa siku hadi siku, pamoja na vitamini B1. Dawa hizo si za ajabu wala si za bei kubwa.

Kuna na ketamini. Hii ni dawa ya usingizi ya hospitali, iliyomo katika orodha ya dawa za lazima ya Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 1985. Hospitali za mikoani huitegemea kwa sababu haimzuii mgonjwa kupumua, wala haihitaji mitambo mikubwa. Kina mama wengi wa Afrika waliopasuliwa ili wajifungue salama wanaidai shukrani. Lakini katika nchi nyingi za Asia na Ulaya imegeuzwa kilevi, na watumiaji wake wamepata ugonjwa wa kibofu: kwenda haja ndogo kila mara, kwa maumivu na damu. Anayeacha ketamini kwa kawaida hapatwi na mateso ya mwili kama ya boost. Yeye huandamwa na huzuni, wasiwasi, kukosa usingizi na uchu unaorudi kwa wiki nyingi. Hakuna dawa ya kuishika nafasi yake. Tiba yake ni kuacha kabisa, kupimwa mkojo na figo, na kuwa na mtu wa kuzungumza naye. Akiacha mapema, kibofu chaweza kupata nafuu. Akichelewa, madhara huweza kubaki maisha yote. Mwaka 2015, ilipopendekezwa katika Umoja wa Mataifa kwamba ketamini iwekewe vizuizi vya kimataifa kama dawa za kulevya, Shirika la Afya Duniani lilishauri visiwekwe, kwa sababu wagonjwa wa nchi maskini wangekosa kupasuliwa. Sisi twaafikiana na ushauri huo. Dawa hiyo ilindwe kwa kufuli, daftari na sahihi mbili katika ghala la hospitali, wala isiondolewe katika chumba cha upasuaji.

Baada ya hayo yote, lipo jambo ambalo tungependa kila mzazi alishike kuliko mengine. Kusafika mwili ni mwanzo tu wa kupona. Mtu aliyekaa wiki chache bila boost, iwe ni gerezani, hospitalini au katika chumba cha nyuma, mwili wake umepoteza ule uzoefu wa kuihimili. Akirudia kipimo chake cha zamani, kipimo hicho kinaweza kumzuia kupumua na kumuua. Ndiyo maana vifo vingi hutokea baada ya kutoka kifungoni au baada ya kuachishwa kwa nguvu. Jamaa husema, «Alikuwa amekwisha kuacha, amekufaje?» Amekufa kwa sababu aliachishwa, kisha akaachwa peke yake. Ipo dawa iitwayo naloksoni, ambayo huweza kumrudishia pumzi mtu wa namna hiyo ikiwahi kutolewa, na ingefaa iwepo katika kila hospitali.

Majirani zetu wa Afrika ya Mashariki wamekwisha kujifunza haya. Hospitali ya Muhimbili mjini Dar es Salaam ilianza kutoa methadoni mwaka 2011; Kenya ilifuata mwishoni mwa mwaka 2014, na Uganda ikaanza katika hospitali ya Butabika mwaka 2020. Methadoni hunywewa kila siku mbele ya muuguzi. Huondoa arosto na uchu, ili mtu apate kufanya kazi na kulea watoto wake. Iko katika orodha ya dawa za lazima ya Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2005. Zanzibar nako ziko nyumba ziitwazo soba, ambamo walioacha huishi pamoja, wakiongozwa na wenzao waliotangulia kuacha. Hapa kwetu, Kituo cha magonjwa ya akili cha Kamenge, kinachoendeshwa na Mabruda wa Upendo, kimewapokea wagonjwa wa namna hii kwa miaka mingi. Lakini Kamenge iko Bujumbura. Mama wa Muyinga mwenye mtoto anayetetemeka usiku hawezi kungoja mpaka apate nauli ya watu wawili.

Wako watakaosema kwamba ugonjwa huu ni wa aibu, na kwamba hata huduma ikiletwa hakuna atakayejitokeza. Gitega yenyewe imekwisha kutoa jibu. Mwaka 2010 Madaktari Wasio na Mipaka walifungua kituo cha Urumuri mjini humo, kuwatibu bila malipo wanawake waliopata fistula katika kujifungua. Hakuna ugonjwa uliokuwa umefichwa kuliko huo. Wako walioukalia miaka mingi, wakikwepa kanisani, msikitini na sokoni. Mlango ulipofunguliwa, na kukawa hakuna wa kuwacheka, walikuja kutoka pande zote za nchi. Wahenga walisema, mficha maradhi kilio humuumbua. Lakini mgonjwa hatayafichua maradhi yake mahali ambapo anangojewa na kamba au pingu.

Kwa hiyo twatoa rai zifuatazo. Hospitali za Gitega na Muyinga zitenge vitanda vichache kwa watu wanaotaka kuacha, na wauguzi wafundishwe kuitofautisha arosto ya boost na hatari ya kuacha pombe. Methadoni isibaki jambo la mji mmoja. Sheria ya nchi inaadhibu biashara ya dawa za kulevya, na mfanyabiashara asamehewe na nani? Lakini mtumiaji anayekamatwa akiwa mgonjwa apelekwe kwanza kwa daktari, maana seli haina diazepamu. Bashingantahe, mashehe na mapadre, ambao ndio huitwa kwanza katika nyumba yenye msiba wa namna hii, waambiwe dalili za hatari, ili nasaha yao ianze kwa kusema: mpelekeni hospitalini. Na vyama vya ushirika vya Sangwe vilivyo katika kila mlima viwapokee waliopona, wapewe jembe na fungu la kazi kama wengine. Kijana aliyeacha akakosa la kufanya, mchana wake mrefu utamrudisha kule kule alikotoka.

Kwa wazazi tuna neno moja. Mtoto wako akianguka tena baada ya kuacha, usihesabu kwamba yote yamekwenda bure. Mwenye kisukari akizidiwa hatumfukuzi nyumbani. Twampeleka tena kwa daktari. Wengi waliopona waliacha mara ya pili, ya tatu na ya nne kabla ya kuacha kabisa. Mfungulie kamba, mpe maji, na ukae naye usiku huo. Asubuhi mwende pamoja hospitalini. Wajibu wa wenye mamlaka ni kuhakikisha kwamba mtakapofika, mtamkuta muuguzi anayejua la kufanya.