Raheli Naye Alikuwa Mwanamke wa Imani

Leo nina neno zito kidogo, na naomba akina baba msilipite mkidhani ni la akina mama peke yao.

Kuna ombi tunalolipenda sana makanisani. Dada akikaribia kujifungua tunamwekea mikono na kutamka kwamba yeye ni kama wanawake wa Kiebrania, hatapasuliwa, atajifungua kabla mkunga hajafika. Kanisa zima linaitikia amina. Ni ombi la upendo, sina shaka. Lakini dada huyo akifika leba na mambo yakabadilika, mtoto amelala vibaya au mapigo ya moyo wake yanashuka, na daktari akasema lazima apasuliwe, amina ile inageuka mzigo. Anaanza kujiuliza dhambi yake ni ipi. Mume anampigia mamake, mamake anampigia mchungaji, na karatasi ya sahihi bado iko mezani. Saa zinakwenda.

Hebu tufungue Neno. Habari hiyo ya wanawake wa Kiebrania iko Kutoka 1:19. Aliyesema vile si Mungu wala nabii. Ni wakunga wawili, Shifra na Pua, wakimjibu Farao aliyetaka kujua kwa nini watoto wa kiume bado wanaishi. Walikuwa mbele ya mfalme muuaji, wakiokoa watoto wa watu. Hakuna mahali Mungu aliyafanya maneno yao kuwa ahadi kwamba binti yake hatapata uchungu mgumu. Soma hadi aya ya 20 na 21 uone Mungu aliwatendea nani mema: aliwatendea mema wakunga. Waliobarikiwa waziwazi pale ni wahudumu wa afya!

Sasa geukia Mwanzo 35:16-20. Raheli, mke mpendwa wa Yakobo, mama katika nyumba ya ahadi, alishikwa na uchungu safarini kati ya Betheli na Efrathi. Uchungu ukawa mgumu. Mkunga alikuwepo na alimtia moyo. Mtoto aliishi, mama akafa, akazikwa kando ya barabara. Sura ile haimtajii Raheli kosa lolote. Haisemi hakuomba vya kutosha. Basi wewe umepata wapi ujasiri wa kumwambia dada mwenye mshono mbichi kwamba imani yake ilipungua?

Sisi wa Garissa tunaijua barabara ya Raheli. Mama wa Balambala au Hulugho akishikwa na uchungu mgumu, kati yake na chumba cha upasuaji kuna safari ndefu ya mchanga, na mvua ikinyesha ni ya matope. Aprili na Mei 2024 Mto Tana ulifurika ukakata barabara pale Madogo, na watu wakabaki ng'ambo. Kwa hesabu zilizotokana na sensa ya 2019, Kenya ilipoteza akina mama 355 katika kila watoto 100,000 waliozaliwa hai. Garissa ilikuwa 641, juu kuliko kaunti zote. Hao ni akina mama wa misikiti na wa makanisa. Kifo hakiulizi dini.

Wataalamu wanasema mama huponzwa na kuchelewa mara tatu: kuchelewa kuamua, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa. Barabara na vifaa ni deni la serikali, na tuidai bila kuchoka. Lakini kuamua kuko mikononi mwetu. Sisi tunaoishi hapa Waberi tuko mjini, hospitali ya rufaa haiko mbali. Mama akifa hapa kwa sababu tulikuwa tunasubiri ishara, huko si kumngoja Bwana. Ni kuchelewa kwa kwanza, tumekuvalisha kanzu ya kiroho.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Kisu cha daktari hakishindani na mkono wa Mungu. Omba, tena omba sana, lakini omba ukiwa ndani ya tuktuk mnaelekea hospitali. Mama akivuja damu nyingi, akiumwa kichwa sana na kuona ukungu, akipata degedege, mtoto akiacha kucheza, au kondo la nyuma likikawia kutoka, usimpigie mchungaji kwanza. Mama anayevuja damu baada ya kujifungua anaweza kufa ndani ya saa mbili. Nipigie mkiwa njiani, nitaomba na nitakuja.

Baba, mkeo akifikisha mwezi wa saba, kaeni chini mzungumze. Atajifungulia wapi? Usiku wa manane nani ana gari? Malipo ya SHA yako sawa? Nani atakuwa tayari kutoa damu? Na mjue kwamba mama mtu mzima mwenye fahamu ana haki ya kujitilia sahihi mwenyewe. Mwili ni wake. Asingoje kikao cha ukoo.

Na wewe dada uliyerudi nyumbani mikono mitupu, kitanda cha mtoto kimetandikwa na hakuna wa kulala. Sitakupa maelezo, kwa sababu sina. Ila najua kilio cha Raheli hakikusahaulika: Yeremia alikitaja, na Mathayo akakitaja tena Bwana wetu alipozaliwa Bethlehemu. Mungu ameandika machozi ya mama ndani ya habari ya kuja kwa Mwokozi. Wapendwa, mkienda kumwona dada huyu msipeleke mahubiri. Pelekeni uji, fueni nguo, kaeni kimya karibu naye.

Jumapili hii, yeyote aliyejifungua, kwa njia ya kawaida au kwa kupasuliwa, atasimama mbele na shukrani yake itapokelewa kwa amina ileile moja. Mtoto ni yuleyule. Mungu ni yuleyule.

Bwana awalinde akina mama wetu, awaongoze madaktari na wakunga wa kaunti hii, na atupe sisi hekima ya kuamua mapema. Amina.

Tuma kwa baba mmoja anayetarajia mtoto.