Ua lenye jina la Katanga



Katika mkutano uliopita, mama mmoja wa kikundi chetu alikuja na maua madogo ya zambarau, ameyafunga katika karatasi. Aliyachuma kwenye lupango aliyokodi ili alime lengalenga ya kuuza sokoni. Nusu ya feza za kodi alikuwa amekwisha kulipa. «Yameota yenyewe, hakuna aliyeyapanda,» alisema kwa furaha. «Si ni alama kwamba udongo ni mzuri?»

Tulimwomba angoje kwanza. Sababu imo ndani ya jina la ua lenyewe, kama kweli ndilo tunalolifikiri.

Wataalamu wanaliita *Haumaniastrum katangense*. Jina hili refu lisitutishe. Ni kama majina yetu: moja la jamaa, lingine la mwenyewe. Neno la kwanza linamkumbuka Lucien Hauman, Mbelgiji aliyekuwa mtaalamu wa mimea. Neno la pili halihitaji mwalimu: *katangense* ni «la Katanga». Ni la jamaa moja na basiliki na menta. Kwa Kifaransa huitwa *fleur de cuivre*, ndiyo kusema ua la shaba.

Kwa nini shaba? Udongo uliojaa shaba huua mimea mingi. Ua hili linauvumilia, na pale wengine wanaposhindwa, lenyewe linastawi. Wachunguzi wa mambo ya kale wamelifuata hapa Katanga likawapeleka mahali pa tanuru za zamani, ambapo wazee wetu waliyeyusha mawe ya kijani na kutengeneza misalaba ya shaba. Tanuru zilizimika, wafundi walikufa, lakini shaba ilibaki ardhini, na ua likabaki juu yake kama shahidi.

Mji wetu una tanuru nyingine tunayoijua sote. Kiwanda cha Union Minière kilianza kuyeyusha shaba hapa mwaka 1911, na baadaye kikawa cha Gécamines. Kwa miaka mingi moshi wa shemine ile ulisukumwa na upepo kuelekea kaskazini-magharibi, na vumbi lake likaanguka juu ya udongo. Kule Penga Penga majani na miti ilikufa, na watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi wamejaribu kupanda majani upya kwa kutia chokaa na mbolea. Vumbi lile halikuwa na shaba tu. Lilikuwa pia na risasi na kadmiamu. Risasi inaharibu akili ya mtoto mdogo, na kadmiamu inadhuru figo.

Basi, mama akiliona ua hili, afanye nini?

Kwanza, asiamini macho peke yake. Maua madogo ya zambarau ni mengi, na jina la mtaani linaweza kubeba mimea mitatu. Hapo ndipo jina refu linatusaidia: ni moja kwa ua moja. Ng’oa mmea mzima, na mizizi na majani yake, umwonyeshe mtaalamu wa kilimo, pamoja na udongo kidogo wa mahali pale.

Pili, asiseme: «Kwangu ua hilo haliko, basi niko salama.» Udongo unaweza kuwa na sumu bila kuonyesha ua lolote. Uliza wazee wa kartie: zamani hapa palikuwa na nini? Moshi ulipita? Maji ya mgodi yalipita?

Tatu, mboga za majani, kama lengalenga, sombe na matembele, huelekea kubeba madini kuliko nyanya au mahindi. Kuosha vizuri kunatoa vumbi la juu, na ni lazima. Lakini kile mmea ulichokunywa kwa mizizi hakitoki kwa maji, wala kwa moto.

Mwenye lupango amekataa kurudisha feza. Tulikaa na mama yule tukashauriana. Udongo ule haulimi mpaka upimwe. Kwa sasa atauzia makala pale, na lengalenga ataipanda nyumbani, ndani ya magunia yenye udongo uliotoka mbali na viwanda. Itakuwa kidogo, haitafika sokoni msimu huu. Imemuuma, na sisi pia. Lakini alisema neno lililotunyamazisha: «Wale wangenunua kwangu, nao wana watoto.»

Ua si adui, wamama. Linatuambia tu kilicho ardhini. Tulijue kwa jina lake.

Tuonane juma lijalo.