Jicho la Kamera si Jicho Letu



Mwaka jana watoto wa kigango kimoja huku Ruangwa walipokea Komunyo ya Kwanza. Baada ya Misa, yapata saa sita, niliwapanga pamoja na wazee wao mbele ya ukuta wa kanisa uliopakwa chokaa, nikapiga picha kwa simu yangu. Jioni nilipoitazama, magauni yalikuwa meupe pe, lakini nyuso hazikuwapo. Palikuwa na weusi mtupu, na macho kama mashimo.

Miezi michache baadaye Mungu alimwita bibi mmoja aliyesimama katika picha ile. Watu wa nyumba yake wakaja ofisini kuomba picha ya kuweka juu ya jeneza, maana hawakuwa na nyingine. Nikawaonyesha ile. Mwanawe akaitazama kitambo, kisha akaniuliza polepole, “Bwana Karani, mama ni yupi hapa?”

Basi nikaenda Nachingwea. Bwana mmoja mwenye studio ndogo alikubali kutufundisha watu watano kwa Jumamosi nne. Nilidhani atatuonyesha vitufe vya kamera. Kumbe Jumamosi ya kwanza hatukuigusa. Alimsimamisha mwenzetu juani, akatuambia tuangalie kivuli cha pua yake kinaangukia wapi. Tukacheka. Kisha akamsogeza chini ya mkorosho, karibu na ukingo wa kivuli, uso ukielekea kwenye mwanga. Macho yake yakaonekana sawasawa, nasi tukaacha kucheka.

Sababu ni hii. Sisi tukimtazama mtu, twatafuta uso wake, ukuta twausahau. Kamera haimjui mama wala ukuta. Hupima mwanga wote ulio mbele yake, ikaufanya uwe wa wastani. Ikikuta chokaa na magauni meupe, hudhani mwanga umezidi, ikaupunguza. Na uso wetu mweusi ukazama gizani. Katika simu nyingi, ukigusa uso wa mtu pale kwenye kioo kabla ya kupiga, simu itapima mwanga wa uso huo. Simu yangu nilikuwa nayo miaka mitatu, nami sikulijua jambo hili!

Hata filamu za zamani zilikuwa na upungufu wake. Kwa miaka mingi kampuni ya Kodak ya Marekani iliwapa wasafishaji wa picha kadi yenye sura ya mwanamke wa Kizungu, iliyoitwa Shirley, wasawazishe rangi kwa kufuata ngozi yake. Mtafiti Lorna Roth wa Kanada aliandika mwaka 2009 kwamba waliosaidia kuleta mabadiliko ni watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao, kwa kuwa rangi za bidhaa zao hazikutoka vizuri. Yaani kabati lilisikilizwa kabla ya mtu.

Ile picha ya bibi nilimpelekea mwalimu wetu aing'arishe. Alijaribu, akatikisa kichwa. Mahali ambapo mwanga haukuingia kabisa, hapana kitu cha kurudisha.

Ninyi mnaopiga picha za Ubatizo na harusi, msiharakishe kwa sababu chakula kiko tayari. Ngojeni saa kumi jua lipoe, au wapelekeni watu kivulini. Nendeni karibu. Na picha iliyo njema ichapishwe, jina na mwaka viandikwe nyuma kwa penseli, maana simu huanguka kisimani na picha zote zikaenda nayo.

Juma lililopita nilimwendea mzee mmoja wa kigango kilekile. Baada ya shikamoo nikamwomba ruhusa ya kumpiga picha. Akasema, “Ngoja kwanza, mwanangu, nivae koti.” Akakawia sana. Nikamketisha mlangoni mwa nyumba yake, giza la ndani likiwa nyuma, uso wake nje. Alipoiona picha akanyamaza, akajishika kidevu, kisha akataka nakala mbili: moja yake, moja ya binti yake aliyeko Dar es Salaam.