Viboko wa Manonga wapewe kabati Ziba

Na Shija Maganga

Mwambie mkulima wa Ziba, wilayani Igunga, kwamba mbuga anayolima mpunga iliwahi kuwa chini ya ziwa, atakucheka. Maji ya kunywa yenyewe tumeyahangaikia miaka nenda rudi! Lakini wataalamu wa miamba hawabishani juu ya hilo. Miaka milioni nne hadi tano na ushei iliyopita, bonde la Manonga lilikuwa na ziwa, na pembeni yake waliishi viboko, mamba, farasi wenye vidole vitatu, na tembo wa aina ambazo leo hazipo duniani.

Hizi si ngano. Miaka ya 1990 Terry Harrison wa Chuo Kikuu cha New York aliongoza misafara ya utafiti katika bonde hili, na mwaka 1997 kitabu kikatoka, kinene, kwa Kiingereza. Matabaka ya ziwa hilo yaliitwa Ibole, Tinde na Kiloleli, majina ya huku huku kwetu, na Kining'inila ya Igunga imo kati ya sehemu zilizotoa mifupa. Nchi iliyotajirisha Bagamoyo kwa pembe zilizobebwa na wapagazi wa Kinyamwezi kumbe ilikuwa na tembo wengine ardhini, na habari zao nazo zimesafirishwa. Mwanafunzi wetu anakariri volkano za nchi za mbali, na hajui kilicho chini ya dawati lake.

Siwalaumu wageni, wao walifanya kazi yao na kuichapisha. Wa kuulizwa ni sisi. Idara ya Jiolojia ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ipo tangu 1974. Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini ina makumbusho mazuri ya miamba na madini, lakini iko Dodoma. Mtu wa Ziba akitaka kuona jiwe lililoelezwa kwa Kiswahili sharti apande basi.

Shirika la Maendeleo ya Petroli Tanzania (TPDC) lilipokuja kuchoronga Kining'inila kutafuta dalili za mafuta katika bonde la Eyasi-Wembere, ambalo Manonga ni sehemu yake, kijiweni ilikuwa ajira na mafuta, mafuta na ajira. Ingefaa pia tuelezwe kwa nini mtu atafute mafuta kwenye mbuga ya ng'ombe. Viumbe vidogo vya ziwani hufa, huzikwa na tope, na tope likididimia sana joto la ardhini huvigeuza mafuta. Ziwa lile la viboko na matumaini haya ya mafuta ni habari za bonde moja. Mwalimu mmoja, ubao na nusu saa vingetosha.

Ushahidi wenyewe hutokeza kila masika. Njia ya ng'ombe ikichimbika ikawa korongo, kingo zake huanza kuonyesha vitu. Mfupa uliogeuka jiwe ni mzito kuliko unavyodhani, mara nyingi una rangi ya kahawia au nyeusi, na ukiugonga kwa kokoto unalia kama jiwe. Kijana akiuona, asiung'oe. Apige picha, aweke alama mahali pale, atoe taarifa kwa mtendaji wa kijiji. Kwa Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 mali hiyo ni ya taifa, na ukishaung'oa kutoka kwenye tabaka lake, mtaalamu hawezi tena kuusoma umri kwa uhakika.

Ninachoomba hakihitaji mfadhili. Kila kibali cha utafiti wa ardhi katika wilaya hii kiambatane na sharti moja: kurasa mbili za matokeo kwa Kiswahili, zisomwe kwenye mkutano wa kijiji, na nakala ibaki shuleni. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilete nakala za plasta za meno ya kiboko na tembo wale, pamoja na vipande vya miamba vyenye maandishi, viwekwe kwenye kabati la kioo katika sekondari moja hapa Ziba. Madiwani wa Igunga wakisema bajeti haina fungu la kabati, tutachanga. Mafundi tunao, na mninga wa Tabora haujaisha.