Wito haukataliwi, lakini mlio ni wangu

Nipo nyumbani Turiani, likizo ya semista. Umeme upo, bando lipo, na malori ya miwa yanapita kwenda Mtibwa kama kawaida. Bibi yuko barazani anapeta mchele. Niliahidi kuwaletea habari za field, ila field itasubiri. Kuna jambo limenikaa kooni.

Mshikaji mmoja wa darasani kanisema mbele ya watu kwamba nina dharau. Kosa langu? Nimeandika skripti inayozima mlio pale watu fulani wanaponitaja kwenye chati. Ujumbe wao unaingia kama wa wengine, ila simu na kompyuta havilii. Jamaa akanishushia methali: wito haukataliwi. Sawa kabisa! Ila aliikatia njiani. Wazee walimalizia: hukataliwa neno. Hiyo nusu aliyoimeza ndiyo hoja yangu ya leo.

Nianzie pale yalipoanzia. Kwenye grupu letu la WhatsApp kuna jamaa, simtaji, ambaye kazi yake ni kutaja wenzake. Saa saba usiku: "@fulani bumu limeingia!" Unakurupuka, unaangalia salio, hola. Asubuhi: "@fulani test imesogezwa mbele", halafu anacheka. Mnajua wenyewe, neno bumu linaamsha hata aliyezimia. Nikanyamazisha grupu, haikusaidia. WhatsApp walipoleta kutajana kwa @ mwaka 2016, walipanga kwamba ukitajwa uarifiwe hata kama grupu umelinyamazisha. Basi wiki ya UE nikaona isiwe tabu: simu nzima kimya, ndani ya begi, mimi na madesa yangu maktaba.

Jioni ile ile mdogo wangu wa kike akanitaja kwenye grupu la familia. Bibi kazidiwa. Akapiga mara tano. Nilitoa simu kwenye begi saa nne usiku. Mtoto wa watu alikuwa keshampakia bibi kwenye bodaboda, yeye nyuma kamshikilia, mpaka hospitali, peke yake. Saa hizo gari la Turiani utalipata wapi? Nilikesha, nikaondoka na la kwanza alfajiri. Namshukuru Mungu bibi alipona. Ila mdogo wangu aliniuliza swali moja tu: "Kaka, ulikuwa unafanya nini?" Nilikuwa namkimbia mtu wa bumu. Jibu hilo unamwambiaje mtu?

Hapo ndipo nilipoelewa. Mtu mmoja anayeita hovyo alinifanya nizibe masikio kwa watu wote. Kama mnatafuta dharau, dharau ni ile: kumnyamazisha bibi ili nimkwepe mpiga porojo. Kuchuja ni kinyume chake. Unamnyamazisha mmoja ili uwasikie wengine.

Sasa skripti yenyewe, maana wengi mnadhani ni uchawi. Mimi na washikaji wachache tunajifunza kuchangia programu huria, na watu wa huko wengi bado wanakutana IRC. Ndiyo, ile ile aliyoitengeneza Jarkko Oikarinen kule Oulu, Ufini, mwaka 1988. Bado ipo hai, na mtandao wa Libera.Chat tunaotumia sisi umeanza 2021, baada ya ugomvi wa Freenode. Programu yangu ya kuchati ni WeeChat, iliyoanza 2003, na inakubali skripti za Python na lugha nyingine.

Inavyofanya kazi ni hivi. Kila mstari unapoingia, programu inauliza: jina la mwenye nyumba limo? Likiwemo, inaupaka rangi na kupiga kengele. Skripti yangu inajichomeka kabla ya kengele na kuuliza swali la pili: nani kasema? Kama yumo kwenye orodha, inaondoa ile alama ya kutajwa. Mstari unabaki dirishani, mahali pake, neno kwa neno. Mistari ya kodi haizidi ishirini. Tahadhari moja: usishike jina la utani peke yake, maana IRC mtu anabadilisha jina kwa amri moja. Shika na anwani anayotokea.

Sasa linganisha na amri ya /ignore. Hiyo inamfuta mtu machoni pako, akiongea huoni kitu. Hiyo ndiyo kukataa wito. Mimi sijakataa. Nimesema tu, neno lako nitalisoma saa kumi jioni nikishaoga, si saa saba usiku.

Nisijifanye malaika. Mwezi wa kwanza niliweka kwenye orodha mzee mmoja wa mradi wetu kwa sababu alikuwa ananitaja kwa kila koma. Siku mbili nzima alikuwa ananiita kuniambia kodi yangu imeharibu kazi za wenzangu. Kengele kimya, na mimi sikufungua dirisha. Aibu ile bado ninayo. Nilijifunza mambo mawili. Kwanza, ukizima mlio wa mtu umechukua deni la kwenda kumsoma mwenyewe, kila siku. Pili, chujio liwe na mlango wa dharura. Sasa kwenye skripti kuna maneno yanayopita hata kama msemaji yumo kwenye orodha: "imeharibika", "haraka", "msiba". Kuna atakayeyatumia vibaya? Yupo. Huyo akiitia maji taka neno msiba, atajua hajui.

Mshikaji wangu anasema huu ni ubaguzi, kwamba kila mtu ana haki ya kuniita. Ana haki, nani kamnyima? Hata hapa Turiani mtu yeyote anaruhusiwa kupiga hodi. Ila kuna jirani akipiga hodi unatoka mbio na khanga begani, na kuna mwingine unamwambia "subiri, nakuja", unamaliza kwanza ugali. Hakuna aliyewahi kuitwa mbaguzi kwa hilo. Haki ya kuniita ni yako. Haki ya kupanga kengele ya chumba changu umeipata wapi?

Na hapa ndipo nawalaumu wenye hizi programu kubwa. Jambo linalowezekana kwa mistari ishirini ya mwanafunzi, kwenye WhatsApp huwezi. Mwaka 2025 walileta chaguo la kuarifiwa kwa mambo muhimu tu: ukitajwa, ukijibiwa, au mtu uliyehifadhi namba yake akiandika. Ni hatua, lakini bado @ ya mtu wa bumu inahesabiwa sawa na @ ya mdogo wangu. Na msikimbilie GB WhatsApp, wadau. Najua nusu ya hosteli mnayo. Si programu rasmi, akaunti yako inaweza kufungiwa, na aliyeitengeneza humjui. Huwezi kumkabidhi mgeni funguo za nyumba kisa kengele.

Mpaka watusikie, fanyeni hivi. Tumieni ile hali ya "usisumbue" ya simu badala ya kuzima sauti yote, na ruhusuni simu za watu wenu zipite. Nyingi pia zinaweza kumruhusu anayepiga mara ya pili ndani ya muda mfupi. Mimi nimeweka namba ya mdogo wangu, ya bibi na ya jirani mmoja mwenye bodaboda. Na tukubaliane kwenye magrupu yetu: jambo la dharura lipigiwe simu, lisiandikwe @.

Kwako mshikaji: umo kwenye orodha, sifichi. Siku ukiacha kunitaja kwa vichekesho vya saa saba usiku, nafuta mstari mmoja tu na unarudi. Ujumbe wako wa jana nimeusoma, na jibu langu ndilo hili.

Bibi ananiita nikamchotee maji. Huyu hana chujio.

Nawasilisha.