Baiskeli si ya Mzigo Tu

Mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalianza mwaka 1921. Afrika ilingoja miaka 104 ndipo yakafika Kigali, Septemba 2025. Kabla ya hapo, mwaka 2024, Biniam Girmay wa Eritrea alishinda hatua 3 za Tour de France; kabla yake, hakuna Mwafrika mweusi aliyekuwa amewahi kushinda hata moja. Ushindi huo haukuota kama uyoga. Mjini Asmara, alikozaliwa, vijana hushindana na wananchi hujipanga barabarani kuwashangilia.

Kwetu, kijana apandaye baiskeli bila mzigo huitwa mzururaji. Aibu! Kila tawi lisaidie vijana kuunda klabu. Katika klabu, mmoja hutangulia kukata upepo, wenziwe humfuata, kisha hupokezana. Kiongozi asiyejua kupokezana na aende akajifunze kwao.