Bibi aliulizwa?

Mimi wiki hii nimenuniwa na nusu ya ukoo, wenzangu. Kisa ni nyumba ya bibi.

Nyumba yenyewe ipo Ilala, ile ya Kiswahili hasa: baraza mbele, korido katikati, vyumba vitatu huku na vitatu kule, uani jiko na bafu. Mteja kapatikana, anataka avunje apandishe ghorofa. Baba mdogo kishapiga hesabu za kila mtu, na mimi fungu langu nilishalipandia pikipiki kichwani. Sikatai, kwenye kikao nilikuwa wa kwanza kunyoosha mkono!

Basi Jumamosi moja kuna binti nilikuwa namfukuzia (jina usiniulize) akasema amechoka na mambo ya baa, nimpeleke mahali pa maana. Mfuko mkavu, nikampeleka Boma la Kale, Barabara ya Sokoine, pale panapotazamana na bandari. Hilo jengo ni la miaka ya 1860, enzi za Sultan Majid bin Said wa Zanzibar, lilijengwa kwa ajili ya wageni wake. Kuta nene za mawe ya matumbawe, dari ya boriti za mikoko, mlango wa nakshi. Ndani kulikuwa na maonyesho ya kituo cha urithi wa majengo, DARCH. Ukutani mji wetu wote: toka enzi za Mzizima, wakaja Wajerumani waliohamisha makao makuu kutoka Bagamoyo mwaka 1891, wakafuata Waingereza, mpaka maghorofa ya leo.

Mimi nikajidai. "Hata sisi tunayo nyumba ya zamani, ya bibi. Tunaivunja."

Binti akanitazama. "Bibi yupo hai?"

"Yupo."

"Mlimuuliza?"

Jamani, soda ilinipalia. Kikao kizima, watu kumi na moja, hakuna aliyemuuliza!

Kesho yake mguu kwa mguu mpaka Ilala. Bibi kuniona tu: "Eh, mume wangu, leo umeikumbuka njia?" Nikamuuliza habari za nyumba. Akanishika mkono, tukaingia chumba kimoja kimoja. Hiki alizaliwa baba yako. Hiki alikaa mpangaji fundi cherehani, akaoa humu humu, akaondoka na watoto wanne. Hapa kwenye korido ndipo alipolazwa babu yako kabla ya kupelekwa makaburini. Na huu mlango wa mninga babu yako aliulipia kwa miezi minane, siku nyingine tukala mihogo mitupu.

"Sasa bibi, tusiuze?"

"Kuuza uzeni, mimi siendi nayo kaburini. Lakini mtu akiuza ng'ombe, mwenye zizi si huambiwa?"

Nikakosa pa kuficha uso.

Msomaji, sisemi kila kibanda cha zamani kibaki. Kutunza ni gharama, na mapenzi matupu hayashikilii ukuta. Beit al-Ajaib ya Zanzibar, jumba la Sultan Barghash la mwaka 1883, sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020 huku mafundi wakiwa kazini, na watu wawili wakafariki. Hata ukarabati una elimu yake. Ukuta wa mawe na chokaa unataka chokaa, ukiupaka saruji unaufungia unyevu ndani, unaoza taratibu nawe unajisifu umetengeneza.

Lakini kumsikiliza bibi ni shilingi ngapi?

Ndiyo maana nikarudi kikaoni na masharti: tupewe miezi miwili, nipige picha kila chumba, niandike maneno ya bibi kwenye daftari, na mlango wa mninga usiingie kwenye bei. Baba mdogo akaniuliza nani kanilisha nini. Shangazi wawili wakaniunga mkono, wengine ndio hao wamenuna. Pikipiki itasubiri. Daftari limefika ukurasa wa 19, na yule binti kaja Ilala mara mbili. Tatizo ni kwamba akifika anaongea na bibi tu, mimi natumwa dukani kufuata sukari!

Na wewe, bibi yako kakueleza nini? Nenda leo, kabla dalali hajakutangulia. Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda.